Kadi ya Nyongeza katika Kompyuta na Mahitaji Yake ya Umeme

Kompyuta ya mezani iliyotolewa na IBM mwezi wa Agosti 1981 ilikuwa na nafasi tano za kuchomekea kadi za nyongeza, na kisanduku chake cha umeme kiliweza kutoa wati 63.5 tu kwa mashine nzima. Siku hizi kadi moja ya michoro yaweza kuhitaji wati 200 au zaidi. Hivyo kazi ambayo zamani ilitaka bisibisi na utulivu wa mikono, sasa yataka hesabu pia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nafasi ndefu ya mtindo wa PCI Express huipatia kadi ya michoro wati zisizozidi 75. Kadi ikihitaji zaidi, huletewa umeme kwa waya kutoka kisandukuni: plagi ya pini sita huongeza wati 75, na ya pini nane wati 150. Jumla hiyo, pamoja na mahitaji ya prosesa na diski, hulinganishwa na uwezo wa kisanduku ulioandikwa ubavuni mwake, hasa katika mkondo wa volti 12.

Hatari kubwa imo katika plagi. Wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12.5, nazo hugawanywa kwa pini tatu, yaani zaidi kidogo ya ampea 4 kila moja. Joto la kiungo hupatikana kwa kuzidisha ukinzani na mraba wa mkondo. Pini iliyolegea, yenye ukinzani wa omu 0.1, hutoa basi takriban wati 1.7 za joto mahali padogo kama punje ya mchele. Plastiki iliyoizunguka yaweza kulainika. Ndiyo sababu plagi husukumwa mpaka kishikizo chake kilie.

Aidha, plagi ya prosesa nayo ina pini nane, lakini chanya na hasi zake zimepangwa kinyume na za kadi. Umbo lake huikataza kuingia. Anayeilazimisha aweza kuiunguza kadi. Hatari zaidi ni waya za kisanduku kingine, ambazo huweza kuingia bila ukaidi wowote ingawa mpangilio wake ni tofauti.

Kabla ya kufungua kasha, waya wa ukutani huchomolewa, na swichi ya kuwashia hubonyezwa ili umeme uliobaki uishe. Kisha fundi hugusa chuma tupu cha kasha. Umeme tuli ulio mwilini waweza kuharibu chembe za kadi pasipo yeye kuhisi mshtuko wowote, hasa wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu. Kadi hushikwa kwa kingo zake, husukumwa wima mpaka ikae sawasawa, na hukazwa kwa skrubu kabla ya plagi kutiwa.

Mashine ikiwashwa na kioo kikabaki cheusi, isidhaniwe mara moja kuwa kadi imekufa. Mara nyingi waya wa kioo umesahauliwa katika tundu la zamani. Hata feni isiyozunguka si dalili ya ubovu, kwani katika kadi nyingi husubiri joto lipande. Harufu ya kuungua ndiyo isiyongojewa: umeme hukatwa ukutani papo hapo, na pini za plagi hukaguliwa kwanza.