Kidoa Ndani ya Almasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Pete



Tuseme mume na mke wa Gilgil wanakaribia kutimiza miaka 25 ya ndoa. Siku ya harusi walivishana pete nyembamba za bei nafuu, maana fedha zilikuwa haba. Sasa mume anachukua mkopo kwa siri, anapanda matatu hadi Nairobi, na kurudi na pete ya almasi. Mke anafurahi mno. Lakini asubuhi, akiitazama penye jua, anauliza: "Baba watoto, hiki kidoa cheusi humu ndani ni nini?" Mume ananyamaza, kwa sababu muuzaji alimwambia jiwe ni safi kabisa. Kidoa hicho kimoja kinazaa maswali mawili: je, tumepunjwa? Na fedha zilitoka wapi?

Tujifunze leo kujibu swali la kwanza, ili la pili lisije likaitikisa nyumba.

Kidoa hutoka wapi?

Almasi ni kaboni iliyojiumba kwa joto na mgandamizo mkubwa, zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi. Ilipokuwa ikijiumba, chembe za madini mengine zilinaswa ndani, au nyufa ndogo zikatokea. Kwa hiyo karibu kila almasi ina alama yake. Alama hizo si uchafu wala si dalili kwamba jiwe ni la bandia. Mawe yasiyo na alama yoyote ni adimu sana. Ukiuziwa jiwe kubwa "lisilo na doa" kwa bei ya kutupa, hapo ndipo pa kushuku.

Madaraja ya usafi

Katika miaka ya 1950 taasisi ya mafunzo ya vito ya Marekani, iitwayo GIA, iliweka utaratibu wa kupima usafi ambao sasa hutumika duniani kote. Mpimaji hutazama jiwe kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha hulipa moja ya madaraja 11. Herufi zake mtaziona kwenye cheti:

FL na IF: ndani hamna alama inayoonekana hata kwa lenzi. IF huweza kuwa na mikwaruzo midogo ya juu tu.

VVS1 na VVS2: alama ni ndogo hata mpimaji hodari huzipata kwa taabu.

VS1 na VS2: alama ni ndogo, huonekana kwa lenzi. Kwa macho matupu ni nadra kuziona.

SI1 na SI2: kwa lenzi huonekana wazi. Kwa macho matupu, baadhi ya mawe haya ni safi na mengine sivyo.

I1, I2 na I3: alama ni dhahiri, mara nyingi hata bila lenzi, na zaweza kupunguza mng'ao au uimara wa jiwe.

Basi kumbukeni: bei hupanda kwa kila daraja, lakini jicho lina kikomo. Mkeo hatavaa lenzi jikoni. Jiwe la VS2, au la SI1 lililochaguliwa kwa uangalifu, laweza kumpendeza sawasawa na la VVS1, na fedha zilizobaki zikalipa karo.

Angalieni doa liko wapi

Madoa mawili ya daraja moja hayalingani. Doa jeusi katikati ya uso wa jiwe huonekana upesi kuliko jeupe lililo pembeni. Ufa unaofika ukingoni ni hatari, maana jiwe likigongwa laweza kumeguka hapo. Mkato wa mviringo wenye nyuso nyingi huficha madoa. Mkato wa mstatili ulio wazi kama dirisha huyaonyesha. Tena, kucha za pete zaweza kufunika doa, ndiyo maana jiwe hupimwa vizuri zaidi kabla ya kupachikwa.

Yako pia mawe ambayo nyufa zake zimejazwa kitu kama kioo. Fundi akiipasha pete moto ili kuipanua, kijazio hicho chaweza kuharibika. Ulizeni waziwazi. Ulizeni pia kama almasi ilichimbwa au ilitengenezwa maabara. Ya maabara ni almasi kweli na huwa na alama zake, lakini bei yake ni ya chini sana, na ni haki yenu kuambiwa.

Wala msidanganywe na mng'ao pekee. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, watu wa kale walichonga zana kwa kioo cheusi cha volkano. Kinang'aa sana, lakini ni kioo tu. Almasi ndiyo madini magumu kuliko yote.

Mkifika kwa sonara

Nendeni wawili. Safisheni jiwe kwanza, kisha litazameni bila lenzi, kwenye mwanga wa mchana na mbali na taa kali za dukani. Halafu ombeni lenzi ili mwonyeshwe kila alama. Linganisheni namba ya cheti na ile iliyoandikwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, ikiwapo. Dai risiti inayotaja uzito, daraja, na kama jiwe limejazwa.

Na yule mume wetu? Pengine hakupunjwa, jiwe la I1 kwa bei ya I1 ni biashara halali. Alikosa kuuliza dukani, na alikosa kusema nyumbani. Kanisa halidai almasi: ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili, na pete ni ishara tu. Lakini deni la siri ni doa lisilohitaji lenzi. Na aseme leo, kabla barua ya mkopo haijasema.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni kiasi gani cha fedha ambacho hakuna mmoja wetu anayepaswa kutumia bila kumwambia mwenzake?

2. Tukinunua pete, tunanunua kwa ajili ya macho yetu au ya majirani?

3. Je, kuna jambo ambalo mwenzangu angelifahamu leo lingemwumiza kidogo, lakini akiligundua mwenyewe kesho litamwumiza zaidi?