SOMO: MASHINE HUPIMAJE "KAVU" NA "MBICHI"?

Wakulima wengi hupima mahindi hivi: punje chache na chumvi kavu hutiwa kwenye chupa kavu, kisha hutikiswa. Chumvi ikinata, mahindi ni mabichi bado. Yakiwekwa ghalani yataota kuvu. Na kuvu si mchezo! Mwaka 2016 sumukuvu ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Je, mashine ya kukausha mahindi itajuaje? Kipimo chake hutoa namba tu: asilimia ya maji. Tuseme fundi ameifundisha kwamba 13 ni kavu kabisa, na 17 ni mbichi kabisa. Sasa kipimo kikisoma 14? Mashine haichagui neno moja. Husema: kavu robo tatu, mbichi robo moja. Kanuni ni mbili: yakiwa mabichi, moto mwingi; yakiwa makavu, moto kidogo. Basi moto utakuwa katikati, lakini karibu zaidi na "kidogo".

Hesabu hii ya kadiri ilianzishwa na Lotfi Zadeh huko Marekani mwaka 1965. Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, pamoja na mwanafunzi wake waliitumia kuendesha injini ya mvuke huko London, miaka ya 1970.

Lakini mipaka huwekwa na mtu. Ikiwekwa vibaya, mashine itaita mahindi mabichi "makavu", na atakayeugua ni mlaji.

MASWALI
1. Kipimo kikisoma 15, mahindi ni makavu kiasi gani?
2. Kwa nini mkulima aulizwe kabla mipaka haijawekwa?