Kufundisha Jinsi Maji Yanavyolowesha Vitu

Katika somo la Sayansi, wanafunzi hujibu upesi kwamba maji hulowesha kila kitu. Jibu hilo lisikosolewe kwa maneno. Mwalimu adondoshe tone moja juu ya kioo safi, la pili juu ya kioo kilichopakwa nta ya mshumaa, na la tatu juu ya jani la gimbi, kisha anyamaze. Watoto wenyewe wataona la kwanza limetandaa, la pili limejikusanya, na la tatu linaviringika kama shanga.

Hapo ndipo huzaliwa swali lenye uzito: je, uso wa kitu waweza kubadilishwa pasipo kukibadili kitu chenyewe? Tunapenda mfano wa silikoni, mpira laini ambao tangu miaka ya 1990 wataalamu huutumia kutengeneza vifaa vyenye mifereji myembamba kama unywele. Tone la maji husimama juu yake kwa pembe ya nyuzi 110 hivi, na maji hayaingii mferejini kwa urahisi. Basi huwekwa kwa muda mfupi katika plazma ya oksijeni, yaani gesi iliyotiwa umeme hata ikang'aa. Usoni hutokea vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyovutana na maji, na tone hutandaa.

Uso huo ukiachwa hewani, molekuli za ndani hupanda juu polepole, nao huanza kuyakataa maji tena. Kwa hiyo wengine huuhifadhi majini. Mwanachuo asilifiche jambo hili ili somo lipendeze. Awaulize watoto: ni nini kilichorudi?