Sonona si Uvivu

Mwanafunzi hodari aachapo kujibu maswali, akasinzia darasani na kujitenga na wenzake, aghalabu huitwa mvivu. Nami nimelitenda kosa hilo. Yawezekana ana sonona. Huzuni ya kawaida hupungua siku zipitapo. Sonona hudumu majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, ikavuruga usingizi, hamu ya chakula na uwezo wa kufikiri.

Sisi husema mtu "ana mawazo". Washona wa Zimbabwe huita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mjini Harare, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha mgonjwa mwenyewe huchagua tatizo moja tu na hatua ndogo ya kulikabili. Katika jaribio la watu 573, lililochapishwa mwaka 2016, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa nini hatua ndogo? Sonona humwondolea mtu ari. Akiingoja irudi ndipo atende, atangoja sana. Kufua nguo, kutembea, kumzuru rafiki hutangulia, ari hufuata. Lakini mwanafunzi atajaye kujiua asiachwe peke yake: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.