Kwa nini taa nyekundu ya chaja haikuzimika

Ndugu wanafunzi, mnakumbuka ile taa tuliyotengeneza sisi wa mwaka wa mwisho kusudi tuweze kusoma usiku. Wengi wanauliza kwa nini tuliitoa katika nyumba ya kulala. Basi, tunawaeleza.

Batri yake ni ya litiamu, ya telefone ndogo, mAh 1000. (Kobalti ya batri nyingi za namna hii inatoka kwetu Lualaba, lakini kuzijaza vizuri bado tunajifunza!) Haijazwi kama batri ya motokari. Kwanza inapewa mkondo usiobadilika mpaka ifike volti 4,2. Kisha volti zinabaki pale pale, na mkondo unapungua wenyewe. Ukifika sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, chaja inapashwa kukata. Ukizidisha volti, batri inavimba, na inaweza kuwaka moto. Na sisi tunalala juu ya magodoro ya sponji, kitanda karibu na kitanda.

Kazi hiyo tuliipa chipu TP4056. Risistansi moja tu inaamua mkondo: gawanya 1200 kwa kiloomu zake, unapata miliampere. Ile tuliyoikuta ilikuwa ya 1,2, maana yake mA 1000. Kwa batri yetu ni mingi, tulitaka nusu. 1200 : 500 = 2,4. Tukaweka ya kiloomu 2,4. Joto nalo likapungua: kura inaingia na volti 5, batri ikiwa na 3,5, tofauti 1,5. Kwa ampere moja ni wati 1,5, chipu inachoma kidole. Kwa nusu ampere ni 0,75.

Tukajisifu mapema. Usiku mmoja kura haikukatika (ajabu!), na mdogo wetu mmoja akasoma kwa taa ile huku inajazwa, akasinzia bila kuizima. Asubuhi tukakuta taa nyekundu ya chaja ingali inawaka. Tukafikiri chipu imekufa. Hapana. Taa ya kusomea inakula mA 100. Chipu inangojea mkondo ushuke mpaka mA 50, lakini haiwezi kujua upi unaingia batri na upi unakwenda kwenye taa. Inaona 100, inasema: bado haijajaa. Volti hazikupita 4,2, ni kweli, lakini kuishikilia batri hapo usiku kucha kunaichakaza. Kosa si la mdogo wetu, ni la sisi tuliochora.

Sasa tumeongeza swichi ya miguu sita. Upande mmoja kura inaingia chaja, na taa imekatwa. Upande wa pili taa inawaka, na kura imekatwa. Tumeijaribu siku tatu ndani ya maabara, juu ya saruji, na taa nyekundu imezimika kila mara. Wiki ijayo tutairudisha.

Mwenye batri iliyovimba asiitoboe wala asiijaze tena. Atuletee, tuna ndoo ya mchanga nje ya maabara.