Amortisere Haibebi Mzigo



Mwaka huu katika fizika mwalimu alitufundisha habari ya mtikisiko unaozimika polepole. Aliandika formule kwenye ubao, tukanakili, na wengi wetu tukafikiri: hii ni ya Egzame ya Serikali tu, kisha tutaisahau. Mimi siwezi kuisahau, kwa sababu niliisha kuiona kwa macho yangu kwenye mtelemuko wa Ngomo, wakati wa likizo kubwa, juu ya kamyoneti ya baba mdogo. Ndiyo maana ninaandika somo hili. Si la mafundi peke yao. Ni la kila mtu anayepanda juu ya mizigo kwenda kwao, na sisi wa shule hii karibu wote tunapanda.

1. JAMBO LILILOTOKEA

Baba mdogo ana Toyota Land Cruiser ya kamyoneti, ile yenye resori za kuviringa mbele na lamu nyuma. Anafanya njia ya Bukavu, Nyangezi, Kamanyola mpaka Uvira, ndiyo RN5. Mnajua namna njia hiyo iko. Bukavu iko juu, karibu metre 1500. Uwanda wa Ruzizi uko chini ya metre 1000. Na katikati kuna milima ya Ngomo, ambapo njia inatelemka kona kwa kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine.

Likizo ile nilimsaidia kazi ya konvoyere. Siku moja mbele ya safari nilikuwa ninasafisha chini ya motokari. Nikaona amortisere ya nyuma, upande wa kuume, imelowana mafuta, na vumbi limegandama juu yake kama ugali uliokauka ndani ya sufuria. Kauchu yake ya juu ilikuwa imekatika. Nikamwita baba mdogo. Akaangalia kidogo, akasema:

– Achana na ile, mutoto. Iko jasho ya chuma tu. Niliisha ongeza lamu moja kila upande, sasa iko na nguvu.

Yeye ni mkubwa, tena ameendesha tangu mimi sijazaliwa. Nikanyamaza. Asubuhi tukapakia mifuko ya simenti, na watu wakapanda juu. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kamanyola, mbele ya kupanda akaniuliza:

– Mwana wangu, motokari iko muzima?

Nikajibu: – Iko muzima, mama.

Tulipofika kwenye mtelemuko, njia ilikuwa na mikunjo-mikunjo kama bati la nyumba. Mwendo haukuwa mkali. Lakini kwenye kona moja nilisikia sehemu ya nyuma inarukaruka, kisha inakwenda pembeni yenyewe, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Baba mdogo alikanyaga freni, haikusaidia kitu, mapine hayakuwa yanashika chini. Akageuza volani upande wa mlima. Tukagonga udongo, tukasimama. Kama angegeuza upande mwingine, singekuwa hapa kuandika. Watu walianguka na mifuko. Yule mama alivunjika mkono.

2. LAMU NA AMORTISERE SI KAZI MOJA

Fundi aliyekuja kututoa alikuwa mzee mmoja asiyesema mengi. Alilala chini ya motokari, akatoka, akamwambia baba mdogo: – Lamu njo mugongo, inabeba. Amortisere njo mukono, inashika pine isiruke. Wewe uliongeza mugongo, ukaacha mukono imekufa.

Maneno haya ndiyo somo lote. Sasa nitayaeleza kwa fizika yetu.

Resori au lamu inabeba uzito. Gurudumu likipanda jiwe, lamu inakunjwa na kuweka nguvu ndani yake. Kisha inarudisha nguvu ile, motokari inapanda, inashuka, inapanda tena. Ikiachwa peke yake, itaendelea kucheza kama jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mpira. Amortisere haibebi kitu. Unaweza kuifungua zote nne, na motokari itasimama vilevile kwa urefu wake. Kazi yake ni kuzima mchezo ule.

Ndani yake kuna bomba lenye mafuta, na pistoni yenye matundu madogo na klape. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni inasukuma mafuta yapite katika matundu yale kwa shida. Shida hiyo inageuza nguvu ya mtikisiko kuwa joto. Kumbukeni sheria ya mwalimu: nguvu haipotei, inageuka tu. Kwa hiyo amortisere nzima ikitoka kwenye njia mbaya ni ya moto. Ile iliyokufa inabaki baridi. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita kitu hiki shokapu, lakini kazi ni ileile.

Kuna mitikisiko miwili, musiichanganye. Wa kwanza ni wa bodi pamoja na watu na mzigo: huu ni wa polepole, mara moja au zaidi kidogo kwa segonde. Huu ndio unaotutapisha. Wa pili ni wa gurudumu lenyewe pamoja na ponti yake: huu ni wa haraka, karibu mara 10 mpaka 15 kwa segonde. Huu hatuusikii sana tumboni, lakini ndio unaoua.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Motokari inakwenda kilometre 40 kwa saa, ni kusema karibu metre 11 kwa segonde. Mikunjo ya njia iko mbalimbali kwa sentimetre 80. Gawanya 11 kwa 0.8, utapata karibu 14. Kila gurudumu linapigwa mara 14 kwa segonde, zaidi ya mara 800 kwa dakika moja! Na hesabu hiyo inakutana sawasawa na mtikisiko wa gurudumu lenyewe. Mwalimu anauita rezonansi. Amortisere ikiwa nzima, inazima. Ikiwa imekufa, pine linaruka kutoka mkunjo mpaka mkunjo, na mara kwa mara liko hewani. Pine lililo hewani halifungi freni, halifuati volani, halizuii motokari kwenda pembeni kwenye kona. Ndiyo maana baba mdogo alikanyaga bure.

Na lamu ile ya kuongeza? Ilizidisha ubaya. Lamu ngumu inasukuma gurudumu kwa nguvu zaidi wakati wa kurudi, na amortisere iliyo dhaifu haiwezi kabisa kuishika.

3. KWA NINI ZINAKUFA UPESI KWETU

Kwanza, joto. Njia ikiwa mbaya kwa saa nyingi, mafuta yanakuwa mepesi na kutoa povu, na povu linapita katika matundu bila shida. Dereva anasikia motokari imelegea. Ikipumzika na kupoa, inarudi. Ndiyo maana nyingine zimewekwa gazi ya azote ndani, kusudi mafuta yasitoe povu upesi.

Pili, matope na mawe. Fimbo ya pistoni inang'aa kama kioo. Ikikwaruzwa au kuanza kutu, inakata kauchu inayozuia mafuta, na mafuta yanatoka.

Tatu, mzigo kupita kipimo. Motokari inagusa mwisho wake kila shimo, na amortisere inapigwa kama nyundo.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Hizi hapa zinaonekana hata na mtu asiye fundi:

a) Mafuta kwenye bomba. Unyevu kidogo sana pale juu si kitu. Lakini ikiwa mafuta yametelemka na vumbi limegandama, imekwisha.

b) Pine linaliwa kwa mafungu-mafungu, pahali pengine juu, pahali pengine chini. Pitisha mkono juu yake, utasikia mabonde.

c) Ukifunga freni, pua ya motokari inainama sana.

d) Kelele ya ko-ko-ko kwenye mashimo madogo. Mara nyingi ni kauchu za juu au za chini zimekatika. Amortisere mpya yenye kauchu mbovu ni kazi bure.

e) Fimbo imepinda, au bomba limebonyea.

f) Joto. Baada ya njia mbaya, sogeza mkono karibu na kila moja, polepole, usiungue, na ujihadhari na bomba la moshi. Iliyo baridi kati ya wenzake ndiyo haifanyi kazi.

Watu wengi wanasukuma kona ya motokari kwa mikono na kuacha. Ikicheza zaidi ya mara mbili, wanasema imekufa. Kwa motokari ndogo ni vizuri. Lakini kwa kamyoneti yenye lamu ngumu nyuma usitumaini jaribio hilo, kwa sababu lamu zinasuguana zenyewe na kuficha ugonjwa.

5. KUTENGENEZA

Amortisere iliyokufa haiponywi, inabadilishwa. Kuna watu wanaoitoboa, wanajaza mafuta ya motere, kisha wanasoude tundu. Usikubali. Mafuta yale si ya kazi hiyo, na ile yenye gazi inaweza kupasuka usoni mwa mwenye kusoude.

Ukibadilisha, badilisha mbili za ponti moja pamoja. Moja nzima na moja dhaifu zinavuta motokari upande mmoja. Zile za okazyo ni bahati nasibu: zimepakwa rangi nzuri, lakini ndani hujui. Angalia kwamba urefu wake, ikifungwa na ikivutwa, ni sawa na ile ya motokari yako. Ikiwa fupi mno, itakatika gurudumu likishuka ndani ya shimo. Ikiwa ndefu mno, itavunjwa lamu ikikunjwa.

Kazi yenyewe: simamisha motokari pahali sawa, weka mawe kwenye magurudumu, inua kwa kriki na utegemeze shasi kwa kitu kigumu. Usiingie chini ikiwa kriki peke yake ndiyo inashika. Tegemeza ponti vilevile, isishuke ghafula ukifungua. Ile mpya, isimamishe wima, uivute na kuisukuma mara chache mpaka hewa itoke. Weka kauchu mpya. Mwishoni, bulone zenye kupita katika kauchu uzikaze motokari ikiisha simama juu ya mapine yake, kusudi kauchu zisijipinde. Baada ya safari ya kwanza, kaza tena.

6. KAMA FEZA HAIJAPATIKANA

Ninajua bei. Mwenye motokari naye ana watoto wa kulipia shule. Lakini kuna mambo matatu yasiyoomba feza. Punguza mwendo kwenye mikunjo, kabisa, zaidi sana katika mtelemuko na kona. Punguza mzigo. Na usiweke watu juu ya mzigo. Simenti ikianguka inapasuka mfuko, mtu akianguka ni habari ingine.

7. MWISHO

Mbele ya kurudi shuleni nilikwenda Kamanyola kumwona yule mama. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa. Baba mdogo alikuwa amelipa matunzo, na amortisere nne zilikuwa zimebadilishwa, lamu za kuongeza zimetolewa. Nilimweleza yote: kwamba niliona mafuta, kwamba nilijua, na kwamba nilimjibu iko muzima. Nilifikiri atanikasirikia. Aliniangalia tu, akasema:

– Ungeniambia, ningeshuka.

Mimi ni kapita. Kila asubuhi kwenye mstari ninawauliza wadogo: nani amevunja dirisha, nani hakufagia, semeni kweli. Tangu siku ile, ninapouliza, ninasikia neno la mama yule. Kunyamaza mbele ya mkubwa kunaweza kuwa heshima. Lakini mtu akikuuliza juu ya maisha yake mwenyewe, umepashwa kumpa jibu la kweli, kusudi yeye ndiye achague kupanda au kushuka.

Likizo inakaribia. Mbele ya kupanda, inameni muangalie chini. Ukiona mafuta na vumbi, mwambie shofere kwa adabu, ukisema: «Baba, naona amortisere inatoka mafuta.» Akikataa, waambie na wanaopanda pamoja nawe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini motokari isiyo na amortisere inasimama kwa urefu uleule?

2. Motokari inakwenda kilometre 20 kwa saa juu ya mikunjo ya sentimetre 80. Kila gurudumu linapigwa mara ngapi kwa segonde? Linganisha na hesabu ya juu, useme kwa nini mwendo mdogo unasaidia.

3. Nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa nini ndani ya amortisere, na fundi anaitambua namna gani?

4. Rafiki yako anasema: «Tumeongeza lamu, hakuna hatari tena.» Utamjibu nini?

Finalisti, kapita wa wanafunzi, Matematika na Fizika