Kumzoesha Mtoto Kukadiria Urefu

Mzazi wa Laela anayemtuma mtoto dukani kununua mita 3 za kamba ya kuanikia nguo humkabidhi fedha, lakini mara nyingi hamkabidhi jicho la kujua mita 3 ni urefu gani. Mtoto hupokea alichokatiwa, akarudi. Kamba ikipungua, hakuna ajuaye imepungulia wapi.

Wazee wetu walipima kwa shibiri, mkono na pima, na hatuvidharau vipimo hivyo, kwani mtu hutembea navyo popote. Kasoro yake ni kwamba mkono wa muuzaji si mkono wa mnunuzi. Mita ni ileile Laela, Sumbawanga na Dar es Salaam. Wari, ambayo wengine huitaja kana kwamba ni mita, ni sentimita 91.44 tu. Alipiaye mita 6 za kitambaa akapimiwa wari 6 hupoteza zaidi ya nusu mita, na fundi ndiye atakayemweleza kwamba sare haitoshi.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, tunashauri mzazi akate ufito ulionyooka wenye urefu wa mita 1 kamili, uliopimwa kwa futi kamba nzuri, na kuuweka karibu na mlango. Mtoto ausimamishe kando yake aone unamfikia wapi: begani, kidevuni au puani. Alama hiyo ataikumbuka. Ila ipimwe upya kila muhula, maana mtoto hukua na ufito haukui. Kwa sentimita, atafute kidole chake chenye upana unaokaribia sentimita 1.

Kisha akadirie kwanza, atamke, ndipo apime. Akianza kwa kupima, hakuna alichokadiria. Aulizwe upana wa kitanda, kimo cha mlango, urefu wa kijiko. Akijibu “mita 1 na kidogo” kwa kitu cha sentimita 110, amejibu vyema. Asikaripiwe kwa sababu ya hizo sentimita 10. Anayestahili kurekebishwa ni yule asemaye kijiko kina mita 2, kwa kuwa huyo bado hajakijua kipimo chenyewe. Aangaliwe pia anapotumia rula: rula nyingi za shule zina sifuri iliyoingia ndani kidogo ya ukingo, na watoto wengine huanzia kwenye 1.

Msimu wa kupanda ni darasa zuri kuliko yote. Nafasi inayopendekezwa kwa aina nyingi za mahindi ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Mtoto akisie shimo linalofuata, kisha kamba yenye mafundo imsahihishe. Baada ya mistari michache, jicho lake huanza kukaribia.

Dukani, afundishwe kutazama mambo mawili: kitambaa kilazwe bila kuvutwa, na kila mita ianzie pale iliyotangulia ilipoishia, si nyuma ya kidole gumba cha muuzaji. Kipimo cha biashara kinapaswa kuwa kimehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mtoto akiona pungufu, aombe kwa adabu kipimwe tena mbele yake. Muuzaji akikataa, mzazi apeleke taarifa katika ofisi ya Wakala ya mkoa, akiwa na bidhaa yenyewe kabla haijafika kwa fundi.